Sababu ya Safari: Rafiki

Kwenye fomu ya kuomba kibali cha kutoka kambini kuna mstari unaouliza sababu ya safari. Niko Kakuma tangu 2012, na nimeijaza fomu hiyo kwa ajili yangu na kwa majirani wasiojua kuandika, kwa hiyo majibu yanayopita nayajua kama ninavyoijua njia ya bombani. Hospitali inapita, ukiwa na barua ya daktari. Shule inapita. Mtihani, mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, biashara ukiwa na karatasi za biashara. Rafiki haipiti. Ukiandika "kwenda kumsalimia rafiki", karani anakutazama kama mtu aliyeomba sukari kwenye foleni ya mahindi.

Nataka kubishana na hilo. Siombi huruma, huruma tunayo, inakuja na magari meupe kila asubuhi na inarudi nayo jioni. Ninachosema ni kwamba kumtembelea rafiki ni sababu kamili, haihitaji kusindikizwa na ugonjwa.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa tunaishi kwa karatasi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 39, inaanza kwa kusema kila mtu ana haki ya uhuru wa kutembea. Kila mtu. Ikifika kwenye kuingia na kukaa popote nchini ndipo inasema kila raia. Waliotunga walijua tofauti ya maneno hayo mawili, na mimi sijui kusoma zaidi yao. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliuridhia 1966, una kifungu cha 26: mkimbizi aliye nchini kihalali atembee kwa uhuru, chini ya masharti yale yale yanayowahusu wageni wengine kwa jumla. Sasa nionyesheni mgeni mwingine. Mtalii akishuka uwanja wa ndege wa Mombasa haulizwi kibali cha kwenda Malindi. Haulizwi Malindi kuna nani.

Najua nitajibiwa usalama. Ni jibu zito, sitalirukia. Watu walikufa Westgate 2013, wanafunzi walikufa Garissa 2015, na hakuna mama hapa ambaye hakulia siku hizo. Lakini hoja hiyo imeshafika mahakamani. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudishwe kambini, na Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaifuta amri hiyo. Kwa lugha ya kwetu alisema hivi: kama mtu fulani ni hatari, mwonyesheni huyo mtu, na mwonyeshe kwamba kumfungia kambini kutaondoa hiyo hatari, msiwafunge wote kwa neno moja. Hatukupata muda wa kufurahi. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch, na watu wakajazwa uwanja wa Kasarani, wengine na vipande vyao mfukoni. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika unaosema kambi zigeuke makazi ya watu wanaojitegemea pamoja na wenyeji. Maneno yamebadilika sana. Kibali cha kutoka kiko pale pale.

Tena niseme kuhusu uongo, maana hili ndilo linaloniuma. Fomu ile inafundisha watu kudanganya. Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye heshima yake kanisani, anatafuta barua ya hospitali ya tumbo lisilomuuma ili akahudhurie harusi ya mdogo wake Eastleigh. Wengine wanakodi biashara ya jirani kwa siku moja. Halafu kwenye mikutano tunaambiwa wakimbizi hawasemi ukweli. Ukweli nimeuandika mimi, kwa kalamu ya buluu, mara mbili, na mara mbili fomu imerudi. Mara ya kwanza niliambiwa sababu haitoshi. Mara ya pili nikaulizwa, "Huyo rafiki ni mgonjwa?" Nikasema hapana, yuko mzima. "Basi unaenda kufanya nini?"

Nilikuwa na jibu ambalo lingepita, na sikulitoa. Rafiki yangu huyo tulikaa naye nyumba moja Kakuma 2 miaka mitano. Baadaye akaolewa Mombasa, akahamia kwa mume wake. Mwaka jana mama yake alikufa kwetu, kijijini nyuma ya Uvira. Habari ilifika kwa simu, ikiwa na kelele na kukatika-katika, na katika mji ule wote wa Mombasa hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona yule mama. Mimi nilimwona. Nimekula ugali wake wa muhogo na ndagala, nimegombezwa naye kwa kuchota maji nimevaa viatu. Ningeweza kuandika "kilio". Wangeniuliza cheti cha kifo, na cheti cha kifo kingetoka ofisi gani, katika vijiji vile ambavyo hata chifu amekimbia? Halafu miezi minane ilikuwa imepita. Nani anapewa kibali kwa ajili ya kilio cha miezi minane? Na zaidi ya hayo, sikutaka kumgeuza yule mama kuwa tikiti.

Mara ya tatu afisa alikuwa mwingine, amechoka au ana moyo, sijui. Akanipa siku kumi.

Hesabu yake ni hii. Kakuma hadi Lodwar, Lodwar hadi Kitale, lala. Kitale hadi Nairobi, lala kwa watu. Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480 nyingine. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, zinabaki nne. Njiani tulisimamishwa mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Kwenye kizuizi kimoja nilishushwa peke yangu, basi zima likingoja, abiria wakipiga mdomo kwamba nawachelewesha. Askari alishika kibali juu chini, akaniuliza kama mtu mwenye kibali halali anakosa hata pesa ya chai. Nilikuwa nayo. Alikunywa.

Hizo siku nne watu wengi wananiuliza tulifanya nini, wanataka kusikia Fort Jesus na ngamia wa ufukweni. Tulikaa. Asubuhi mbaazi na mahamri, halafu tunakaa. Siku ya pili hakusema kitu kuhusu mama yake mpaka saa kumi jioni, alipokuwa anachagua mchele, akasema tu, "Unakumbuka alivyokuwa anaimba akiwa na hasira?" Nikaimba. Mume wake, mtu mpole wa Kisauni, alitoka nje akatuachia nyumba. Majirani walicheka Kiswahili changu, nikisema "kuya" wao wanasema "ndoo", na mimi niliyezoea kudhani ndoo ni ya maji nikawa naangalia huku na huku. Siku ya tatu tulivuka kivuko cha Likoni kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo. Anayevuka kwa miguu halipi. Na hakuna aliyeniuliza sababu ya kuvuka. Nilisimama katikati ya watu mamia, vikapu, mikokoteni, watoto wa shule, na wote tulikuwa tunaenda upande mmoja. Rafiki yangu akasema turudie. Tukarudia.

Hizo ndizo siku nne. Karani aliyeniuliza naenda kufanya nini, hicho ndicho nilichoenda kufanya.

Sasa nije kwenu, ndugu zetu wa mashirika, kwa sababu gazeti hili mnalisoma, nawaona mnalibeba. Ninyi kila baada ya wiki kadhaa mnaondoka kwenda kupumzika, na ni haki. Kakuma ina vumbi na joto, na kazi yenu inachosha roho. Mkirudi mnasimulia Diani, mnaleta kachiri na achari za Mombasa ofisini. Mwajiri wenu ameelewa kwamba binadamu akikaa hapa mfululizo anaharibika. Ameliandika hilo kwenye mkataba. Naomba mniambie, ni kifungu kipi kinachosema mimi siharibiki? Tunaletewa mafunzo ya afya ya akili chini ya turubai, tunachora mti wa maisha, tunaambiwa tuwe karibu na watu tunaowaamini. Mtu ninayemwamini yuko Mombasa.

Wengine mtasema huu si wakati wake. Tangu 2025 tumegawanywa makundi, la kwanza hadi la nne, na walio kundi la nne hawapati kitu. Vipi mtu anaandika habari za bahari? Lakini ni maofisi yale yale yanayotuambia tujitegemee. Mjitegemee, ila msitoke. Muuze, ila mnunuzi aje mwenyewe. Anayetaka kupunguza chakula changu kwa kuwa nina nguvu, anipe pia barabara. Na hata nisingekuwa na cha kuuza, hata ningekuwa naenda na kiroba kitupu na kurudi na kiroba kitupu, bado.

Na kwetu wenyewe pia kuna neno. Niliporudi, bloku nzima ilikuwa imeshaniandikia sababu ya safari, na ilikuwa mbaya kuliko zote za karani. Mwanamke peke yake, Mombasa, siku kumi. Mama mmoja ninayemheshimu aliniita pembeni: "Mwanangu, kama ulipata mzungu, sema tu, tujue." Dada mwingine akaanza kumkataza binti yake kukaa kwangu. Wanaume wa hapa wakienda Nairobi wanarudi na hadithi, na tunakaa tunawasikiliza. Mwanamke akienda lazima awe ameuza kitu. Tusimlaumu karani peke yake, basi, kama na sisi tunaamini kwamba mtu hawezi kutoka kwa ajili ya mtu.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Si kweli kwamba mkimbizi na pwani ni vitu viwili visivyokutana. Miaka ya tisini Mombasa ilikuwa na kambi: Utange, Swaleh Nguru, Hatimi. Wabarawa walikaa pale, watu wanaozungumza Chimwini, ambacho ni Kiswahili cha zamani kuliko changu mara nyingi. Kambi zile zikafungwa, wengi wakaletwa huku Turkana, na wazee wachache wa siku hizo bado wako nasi. Waulizeni. Waliacha huko majirani, mashemeji, walioleana watoto. Wameshakaa zaidi ya miaka ishirini na mitano wakiangalia ule mstari wa sababu.

Viongozi wa bloku wanakutana na ofisi kila robo mwaka. Nawaomba wapeleke maswali haya kwa maandishi, na mashirika yanayokaa meza ile yasinyamaze: ni maombi mangapi ya kibali yamekataliwa mwaka huu, na kila moja limekataliwa kwa neno gani? Ni sheria ipi, kifungu kipi, kinachotaja ugonjwa na kuacha kutaja ziara? Anayekataliwa apewe barua yenye jina la aliyemkataa na siku ya kukata rufaa. Na siku za njiani zisihesabiwe ndani ya siku za kibali, maana Turkana haikusogezwa mbali na bahari na sisi.

Wakati huo huo, wewe unayekwenda kujaza fomu wiki hii, kama unaenda harusini, andika harusi.