Wiki mbili baada ya lango la gereza

Mfano wa Msamaria mwema wengi tunaujua mpaka kwenye mafuta, divai na dinari mbili. Tunapita haraka neno moja la Luka 10:35: aliahidi kurudi. Alitaka kujua yule majeruhi ameishiaje.

Programu za kuwatibu waraibu wa dawa za kulevya magerezani mara nyingi hupimwa kwa idadi ya waliohitimu na vyeti walivyopewa. Hesabu hiyo hupendeza kwenye hafla, lakini huishia langoni. Huko Marekani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington kati ya mwaka 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Mwili uliokaa muda mrefu bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani.

Jimbo la Rhode Island lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa tiba, ikiwamo methadone, na kuwaunganisha na kliniki wanapotoka. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, watu 26 waliotoka gerezani karibuni walikufa kwa kuzidisha dawa. Kipindi kama hicho mwaka 2017 walikufa 9. Wapo waumini wanaosema methadone ni kuhamisha ulevi tu. Wazisome tena namba hizo.

Kwetu Muhimbili inatoa methadone tangu 2011. Wewe unayepeleka sabuni gerezani kila Krismasi, uliza pia: anayeachiwa kesho, nani atamfikisha pale?