Ini, Barafu na Somo la Osmosisi

Nyama huwekwa katika barafu isioze. Ini la kupandikizwa huwekwa katika barafu lisife. Maneno hayo mawili yanafanana masikioni, lakini yametengana sana kwa maana. Nyama imekwisha kufa, na baridi huwazuia vijidudu tu wasiishambulie. Ini lililotolewa kwa mtu aliyefariki bado li hai. Seli zake hutumia chakula, huhitaji oksijeni, na hufa zikikosa vitu hivyo. Kulihifadhi ni kuyashikilia maisha yasiyokuwa na damu wala pumzi, mpaka mgonjwa anayelingojea awe tayari kulipokea.

Watu wengi wakisikia habari za upandikizaji wa ini humsifu mpasuaji na kisu chake. Sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, kisu peke yake kisingeufikisha upasuaji huo mahali ulipo leo. Sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na swali ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa: je, maji hupitaje katika utando wa seli? Ni jambo la kusikitisha kwamba swali hilo hufundishwa katika shule nyingi kama maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, hali ndilo lililoamua nani apone na nani afe.

Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Dakta Thomas Starzl na wenzake walimpandikiza mtoto wa miaka 3 ini la mtu mwingine. Mtoto huyo alifariki kwa kutokwa na damu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967 ndipo mgonjwa aliyepandikizwa ini akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye ufundi wa kushona mishipa uliboreshwa, na dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini geni zikapatikana. Lakini kikwazo kimoja kilibaki palepale, nacho ni muda. Ini lililokaa katika barafu zaidi ya saa 8 hivi lilikuwa la mashaka. Likiwekwa mwilini huenda lisifanye kazi kabisa, na mgonjwa ambaye ini lake la zamani limekwisha kutolewa hana la kurudia. Kwa hiyo wapasuaji walifanya kazi usiku wa manane kwa haraka kubwa, na ini lililopatikana katika mji wa mbali mara nyingi halikumfaa mtu.

Kwa nini baridi haikutosha? Yafaa ieleweke kwanza kwamba baridi husaidia kweli. Joto likipungua kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kasi ya shughuli za kikemia ndani ya seli hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Ini likitoka katika nyuzi 37 za mwili hadi nyuzi 4 za sanduku la barafu, mahitaji yake hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Lakini baridi hiyo hiyo huzilaza pia pampu zilizomo katika utando wa seli, ambazo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu zikilala, sodiamu huingia. Sodiamu ikiingia, maji huifuata. Seli huvimba, na ikizidi kuvimba hupasuka. Basi barafu huiokoa seli isife njaa, kisha huiacha izame majini.

Mwaka 1969 Geoffrey Collins na wenzake wa Los Angeles walitengeneza mmumunyo wa kuoshea na kuhifadhia figo. Ulikuwa na potasiamu nyingi kama ilivyo ndani ya seli, pamoja na glukosi ya kuyazuia maji yasiingie. Kwa mmumunyo huo waliweza kuhifadhi figo katika barafu kwa muda wa saa 30. Ungetazamiwa kulifaa ini vivyo hivyo, lakini haukulifaa kwa kiasi hicho. Hapa ndipo penye fundisho. Kila mwanafunzi wa biolojia amekwisha kuambiwa kwamba ini ndilo ghala la sukari ya mwili: hupokea glukosi baada ya mlo na kuiachilia wakati wa njaa. Kwa hiyo seli za ini huipitisha glukosi bila kizuizi. Sukari iliyowekwa nje iwe mlinzi wa mlango iliingia ndani, na maji yakaingia pamoja nayo.

Folkert Belzer, mpasuaji, na James Southard, mwanabiokemia, wote wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, walilishughulikia jambo hilo kwa subira. Mahali pa glukosi waliweka vitu ambavyo umbo lake ni kubwa mno kupita katika utando wa seli za ini. Cha kwanza ni laktobioneti, inayotokana na sukari ya maziwa. Cha pili ni rafinosi, sukari iliyomo katika maharage, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Waliongeza adenosini, ambayo seli huitumia kujenga upya akiba yake ya nishati. Tena waliongeza alopurinoli, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa wagonjwa wa jongo, pamoja na glutathioni, kwa sababu damu inaporudi katika ini, oksijeni ile ile inayohuisha huzaa kemikali kali zinazoziunguza seli. Mmumunyo huo ulianza kutumika kwa maini ya wagonjwa mwaka 1987. Muda wa kuhifadhi ulifika saa 12 na hata zaidi, na upasuaji uliokuwa wa pupa ukaweza kupangwa.

Msomaji aangalie vizuri: maziwa, maharage, na dawa ya jongo. Hakuna katika vitu hivyo kilichokuwa siri. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni mtu wa kuuliza kwa nini kilichoifaa figo hakikulifaa ini, na kulitafuta jibu katika tabia ya ini lenyewe.

Huenda akatokea mtu wa kupinga, aseme kwamba habari za mimumunyo zimepitwa na wakati kwa kuwa sasa zipo mashine. Ni kweli mashine zipo, na zinastahili heshima. Mwaka 2013, mjini London, lilipandikizwa kwa mara ya kwanza ini lililohifadhiwa katika mashine iliyobuniwa Oxford, ambayo hulipitishia damu yenye joto la mwili. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, yakihusu wagonjwa 220 waliopandikizwa, yalionyesha kwamba madhara katika ini yalipungua kwa nusu, na maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu vilevile. Mwaka 2021 wataalamu wa Groningen, Uholanzi, na wenzao walionyesha faida ya kulipitishia ini mmumunyo baridi wenye oksijeni: wagonjwa waliopata tatizo la kusinyaa kwa vijia vya nyongo walikuwa asilimia 6, badala ya asilimia 18.

Lakini mashine haikulifuta swali la Madison, imelipeleka mbele. Mashine ya joto ikisimama ghafula, ini lililomo huanza kufa upesi kuliko lile lililo katika barafu. Kadhalika, mashine huhitaji fedha, umeme wa kutegemewa na mafundi wa kuiangalia usiku na mchana. Mfuko wa mmumunyo na sanduku la barafu bado vinatumika, na vitaendelea kuwafaa wengi. Nchi itakayonunua mashine bila kuwa na watu wanaoelewa kinachotokea ndani ya seli itakuwa imenunua sanduku la bei kubwa.

Ndiyo sababu mzigo huu unawahusu walimu. Jaribio la kuweka vipande vya kiazi katika maji matupu na katika maji ya chumvi hufanywa kila mwaka. Wanafunzi hupima vipande, huandika kwamba kimoja kimerefuka na kingine kimefupika, kisha hukariri maana ya osmosisi na kufunga daftari. Mwalimu asifunge kipindi hapo. Aongeze swali moja: ingekuwaje kama kitu kilichoyeyushwa majini kingeweza kupita katika utando wa kiazi? Mwanafunzi atakayelifikiri swali hilo mpaka mwisho, hata akikosea mara ya kwanza, atakuwa ameshika njia ile ile waliyoipita Belzer na Southard. Jaribio hilo halihitaji fedha zaidi ya bei ya kiazi na chumvi.