Hesabu Vienna, Lindo Nkanka

Askari wa doria anayesimama alfajiri ufukoni Nkanka, akitazama mitumbwi ikirejea juu ya Ziwa Kivu, huenda akadhani kwamba mambo ya nguvu za atomu ni ya wakubwa walioketi Vienna. Sivyo.

Hapana budi ieleweke kwamba kazi hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, lililoundwa mwaka 1957 na ambalo Rwanda ilijiunga nalo mwaka 2012, hukagua mali ya nyuklia ili isigeuzwe silaha. Ya pili ni ulinzi wenyewe, ghalani na njiani, nao, kwa Mkataba wa mwaka 1980 uliorekebishwa mwaka 2005, ni jukumu la kila dola. Mkaguzi huhesabu, hashiki lindo.

Jirani zetu wa Kongo walilipia somo hilo. Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha atomu barani Afrika mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani zilitoweka. Moja ilinaswa na polisi wa Italia mjini Roma mwaka 1998. Ya pili haijulikani iliko hadi leo. Hesabu ilionyesha pengo, haikuweza kuliziba.

Wala hatari si bomu peke yake. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu waliiba chombo cha tiba ya mionzi kutoka zahanati iliyohamwa, wakakivunja ili wauze chuma chakavu. Wanne walifariki, na zaidi ya 200 walipatwa na mionzi.

Mwaka 2019 Rwanda ilitia saini na Urusi makubaliano ya kujenga kituo cha sayansi ya nyuklia. Shirika nalo husaidia wanachama kwa mafunzo na vipima mionzi. Msaada huo usiishie maofisini, ufike lindoni.

Nawe, ndugu askari, nawe polisi, ukikuta mzigoni kasha zito lenye alama ya mapanga matatu meusi juu ya manjano, usiliguse wala usilifungue. Waondoe watu, funga njia, mwarifu mkuu wako papo hapo. Na atakayekupa kitu kidogo ili ulipitishe, mkamate: mionzi haimbagui aliyepokea rushwa, wala wanawe.