MAMBO YA MUZIKI: Kidole Gumba Kwanza

Vijana wengi wanunuapo gitaa hutaka kupiga wimbo mzima siku ile ile. Baada ya miezi michache gitaa hutundikwa ukutani, na mwenyewe husema ya kuwa hakujaliwa kipaji. Mara nyingi kilichopungua si kipaji, bali utaratibu.

Katika bluzi ya gitaa kavu, kama walivyoipiga Wamarekani weusi wa Mississippi, mtu mmoja hufanya kazi ya wawili. Kidole gumba hupiga nyuzi nene kwa zamu, kwa mwendo usiobadilika, mfano wa ngoma. Kidole cha shahada na cha kati huimba juu yake katika nyuzi nyembamba. Shida ni kwamba vidole hivyo huvutana: wimbo ukisita, kidole gumba nacho husita, na ngoma huvunjika.

Kwa hiyo yafaa mwanafunzi aanze na kidole gumba peke yake. Mkono wa kushoto ushike mkao mmoja tu, na kidole gumba kipige nyuzi mbili kwa zamu, polepole, mpaka aweze kuzungumza na mwenziwe bila kupotea. Ndipo aongeze sauti moja ya wimbo, kwanza pamoja na pigo la kidole gumba, kisha katikati ya mapigo mawili. Mwendo usiongezwe kabla makosa hayajakwisha.

John Hurt wa Mississippi alijifundisha gitaa mwenyewe tangu utoto. Mwaka wa 1928 alitia nyimbo zake katika santuri za kampuni ya Okeh, lakini hazikumpatia utajiri, akarudi kulima kijijini Avalon. Mwaka wa 1963 alitafutwa akapatikana, mzee wa miaka yapata 70, na mwaka huo huo akapiga katika tamasha ya Newport. Miaka 35 ilikuwa imepita. Kidole gumba chake kilikuwa hakijasahau kazi.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952 akipiga “Masanga”, alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na wasikilizaji wakadhani wapigaji ni wawili.

Basi aliyetundika gitaa lake na alishushe, aanze upya na nyuzi mbili. Mwenda pole hajikwai.