MAKAPI YA ZABIBU YARUDISHWE SHAMBANI

Mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na nyingi huishia viwandani kukamuliwa mvinyo. Katika kila kilo 100 zinazokamuliwa, kilo 20 hivi hubaki kuwa makapi: maganda, kokwa na vikonyo. Yakirundikwa tu huchacha, hutoa maji makali na kukusanya nzi. Na huku mkulima yule yule, ambaye shamba lake ni mchanga mwekundu usio na rutuba nyingi, ahangaika kutafuta samadi au mbolea iliyovuka bahari. Wengi wakumbuka mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku.

Wataalamu wa Hispania, nchi yenye mizabibu mingi, wamewalisha nyungunyungu wekundu makapi kama haya, wakaona kuwa baada ya muda hugeuka mboji laini isiyonuka. Nyungunyungu hula kilichoanza kuoza pamoja na vijidudu vilivyomo, na kinyesi chake ndicho mbolea yenyewe.

Lakini tusidanganyane. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka amekufa. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Basi matuta yake yataka kivuli, majani ya kufunika na maji ya kunyunyiza; na maji, kila mkazi wa Dodoma ajua thamani yake. Tena makapi mabichi hupata moto yanapooza. Hayana budi kuachwa yapoe kwanza.

Wala asiwepo wa kumtupia nyungunyungu kila uchafu wa kiwanda. Risasi na kromiamu haviliwi vikaisha: hubaki ndani ya mbolea na mwilini mwa nyungunyungu, kuku akamla, nasi tukamla kuku.

Pale Kongwa, kati ya 1947 na 1951, Waingereza walileta matrekta kwa mpango wao wa karanga kabla ya kuujua vema udongo na mvua ya mahali, wakashindwa. Twaona yafaa kituo cha utafiti cha Makutupora kijaribu kwanza kwa matuta machache, kiangazi na masika. Gharama ilipwe na viwanda, maana uchafu ni wao. Na mkulima apewe mboji kwa kadiri ya zabibu alizoleta, bila kuuziwa.