Kwenu Walimu Mnaosubiri Ajira: Barua kutoka Shepparton

Kwenu walimu mnaosubiri ajira, na kwenu wazazi mliowasomesha,

Barua hii inatoka Shepparton, mji wa mashamba ya matunda na mifereji ya maji kaskazini mwa jimbo la Victoria, Australia. Swali linalowafikia Waswahili wa hapa kwa WhatsApp, tena na tena, ni moja: ati huko mashuleni walimu hawatoshi, ni kweli? Anayeuliza mara nyingi ana shahada ya ualimu, amejaza fomu za TAMISEMI au za TSC mpaka amechoka, na kwa sasa anafundisha tuisheni au anaendesha bodaboda. Jibu fupi ni ndiyo, hawatoshi. Jibu refu ndilo barua hii, maana pengo kubwa haliko Sydney wala Melbourne. Liko mashambani, na shamba la Australia halifanani na picha zinazotumwa nyumbani.

Kwanza, Waswahili walifikaje Shepparton? Mwaka 2005 serikali iliuchagua mji huu kwa jaribio la kuwapeleka wakimbizi nje ya miji mikubwa, ikaanza na familia 10 za Wakongo. Wengine wakafuata, wakiwemo waliokulia Nyarugusu, Kigoma, ambao Kiswahili chao ni cha kambini, kimechanganyika na cha Kivu. Baba zao waliingia viwandani na kwenye mashamba ya mapeasi. Watoto waliingia shule.

Miongoni mwa walimu wa mji waliozoeana na watoto hao yuko mama mmoja, sasa mstaafu. Mtoto aliyesomea chini ya mti, au katika darasa la turubai lenye wanafunzi wa rika tofauti, hakumshangaza hata kidogo. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa ngano wa Mallee, ile nchi tambarare ya mchanga mwekundu kaskazini-magharibi mwa Victoria, ambako mvua ikikawia upepo hubeba shamba lote na kulimwaga kwenye kizingiti cha nyumba. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Shule yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye paa la bati, tenki la maji ya mvua pembeni, na uwanja uliozungushiwa waya wa kufungia farasi wa wanafunzi. Mwalimu mmoja, darasa la kwanza hadi la sita, wote wakitazama ubao ule ule.

Ukimuuliza mwalimu yule aliwezaje, mama huyu hucheka. Hakuweza peke yake. Wakubwa waliwasomesha wadogo. Darasa la kwanza likifinyanga herufi kwa udongo, la tatu lilikuwa likinakili ubaoni, la sita likipiga hesabu za magunia, na mwalimu akizunguka katikati na chaki sikioni. Mtoto wa darasa la pili alisikia masomo ya la nne bure, kwa hiyo alipofika la nne alikuwa ameshayajua nusu. Siku mkaguzi alipotarajiwa, sakafu ilipigwa deki na wasomaji hodari walikalishwa mbele. Yeyote aliyesoma shule ya kijijini Singida au Kitui ataitambua hila hiyo bila kuelezwa.

Halafu kulikuwa na maziwa. Kuanzia mwaka 1951 serikali kuu iligharimia maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi nchi nzima, kila mmoja kichupa kisichofika robo lita, mpaka mpango ulipokomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nia ilikuwa njema. Ila kreti lilishushwa getini asubuhi na kukaa juani hadi mapumziko, na jua la Mallee mwezi Februari si la kuchezea. Kifuniko cha foili kilipobanduliwa, malai ya uvuguvugu yalikuwa yameganda shingoni mwa chupa, na mwalimu alisimama kuhakikisha kila mtu amemaliza. Mama huyu amepita miaka 75 na bado hanywi maziwa yasiyotiwa chai.

Shule kama ile haikuanguka kutoka mbinguni. Victoria ilipitisha sheria ya elimu ya lazima, ya bure na isiyo ya dini mwaka 1872, na New South Wales ikapitisha yake mwaka 1880. Serikali ilijenga na kuleta mwalimu pale tu watoto walipotimia idadi. New South Wales ilikuwa na ngazi zake: watoto wakiwa wachache mno kwa shule kamili, wazazi walisimamisha jengo wenyewe na serikali ikalipa mwalimu. Wakipungua zaidi, mwalimu mmoja aligawanywa kati ya shule mbili, akihama kutoka moja kwenda nyingine. Ndiyo maana wakulima walihesabu vichwa kama wanavyohesabu kondoo. Familia moja ikihama, shule hutetereka, na mkulima mwenye akili aliajiri kibarua mwenye watoto wengi kuliko kibarua mwenye nguvu nyingi.

Hesabu hiyo haijafa. Mingoola, kijiji cha wafugaji kwenye mpaka wa New South Wales na Queensland, shule yake ya msingi ilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Wanakijiji hawakukaa kimya, wakaomba familia za kuhamia. Waliofika walikuwa wakimbizi wa Maziwa Makuu, wakulima waliochoka kukaa mjini bila ardhi, na watoto wao tele. Shule ikafunguliwa tena, na mwaka 2016 televisheni ya taifa ikatangaza habari zao nchi nzima. Nyumbani watoto wengi huhesabiwa mzigo kwa serikali. Mingoola walikuwa ndio kibali cha kumleta mwalimu.

Na mwalimu mwenyewe alipatikanaje? Kwa kufungwa kamba, ila kamba ya hariri. Mama wa Mallee alipomaliza sekondari, serikali ya Victoria ilimlipia chuo cha ualimu, ikampa na posho. Kwa binti wa mkulima aliyetaka kutoka nyumbani bila kuolewa, palikuwa na milango michache mingine. Malipo yake yalikuwa saini kwenye mkataba: ukihitimu utatumikia miaka 3 popote utakapopangiwa. Alipangiwa shule ya mwalimu mmoja akiwa hajafika miaka 20. Akapanga chumba kwa familia ambayo watoto wake ndio aliowafundisha, hivyo mchana alitoa kazi za nyumbani na jioni, mezani, akamsikiliza baba mwenye nyumba akizilalamikia.

Upweke wa kituo kama hicho ulijulikana na kila mtu, hata wahalifu. Tarehe 6 Oktoba 1972 wanaume wawili wenye silaha waliingia shule ya Faraday, karibu na Castlemaine, Victoria. Walimkuta mwalimu mmoja, Mary Gibbs, mwenye miaka 20, na wanafunzi 6, wote wasichana. Wakawapakia kwenye gari la mizigo, wakawaficha msituni na kudai dola milioni 1. Waziri wa elimu, Lindsay Thompson, alizipeleka fedha mwenyewe alfajiri hadi mji wa Woodend. Hakutokea mtu wa kuzipokea. Huko msituni watekaji walipowaacha peke yao, Gibbs aliupiga mateke mlango wa gari kwa mabuti yake mpaka ukaachia, akawatoa watoto wote salama. Alitunukiwa nishani ya ushujaa ya George. Walimu wa shule ndogo za wakati ule, mama yetu mmoja wao, walianza kufunga milango kwa ndani.

Kuna watoto ambao hata shule ya namna hiyo hawakuipata, kwa kuwa jirani wa karibu yuko mbali mno. Kwao mwalimu alikuja kwa sauti. Shule ya redio ya Alice Springs ilifunguliwa rasmi mwaka 1951, ikitumia mitambo ya madaktari wanaoruka kwa ndege. Wazo lilisukumwa na Adelaide Miethke, mwalimu na mkaguzi wa Australia Kusini. Redio ilikuwa na mzazi wake: ile ya Alfred Traeger, iliyozalisha umeme kwa kukanyaga pedali kama baiskeli. Mtoto alikaa jikoni kwenye ranchi, akabonyeza kitufe, akataja jina lake na kungoja zamu katikati ya mikwaruzo ya mawimbi. Siku hizi ni setilaiti na kamera. Eneo linalohudumiwa na shule hiyo moja ni karibu kilomita za mraba milioni 1.3, ukiunganisha Tanzania na Uganda hulifikii. Lakini asiyesimuliwa sana ni mama mtu, au msichana aliyeajiriwa kusimamia masomo, anayeketi kando ya mtoto siku nzima. Bila huyo, setilaiti ni chuma tu.

Isidhaniwe kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote. New South Wales ilikuwa na utaratibu uliodumu tangu mwanzoni mwa karne ya 20: wazazi Wazungu wakipinga, mwalimu mkuu aliweza kuwaondoa watoto wa Kiaborijini shuleni. Kifungu kilifutwa katika mwongozo wa walimu mwaka 1972, mwaka ule ule wa Faraday. Watoto hao walisomeshwa katika misheni na makambi, kwa mtaala uliokatwa mapema.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye Waswahili wa pwani wangemwita jirani wa bahari. Thomas Shadrach James alizaliwa Mauritius katika familia yenye asili ya Kihindi. Mwaka 1881 alijitolea kufundisha Maloga, misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto Murray kutoka Victoria, kisha akahamia na watu wake Cummeragunja. Alioa huko huko, Ada Cooper wa kabila la Yorta Yorta, na kufundisha hadi mwaka 1922. Miaka 40 na ushei kwenye kituo ambacho wengi wangeomba uhamisho baada ya muhula mmoja! Mtaala aliopewa ulikuwa mfupi. Yeye akafundisha kusoma, kuandika barua na kusimama mbele ya watu na kusema. Shemeji yake William Cooper, aliyejifunza kusoma ukubwani, alikusanya saini 1,814 za ombi kwa Mfalme wa Uingereza akitaka Waaborijini wawe na mwakilishi bungeni. Serikali ya Australia haikulifikisha. Mwanafunzi mwingine wa James, Douglas Nicholls, akawa gavana wa Australia Kusini mwaka 1976, Mwaborijini wa kwanza kushika cheo hicho. Februari 1939, watu zaidi ya 150 wa Cummeragunja waliivuka Murray kupinga manyanyaso, na wengi wakapiga kambi kando ya mto Goulburn, hapa hapa kati ya Mooroopna na Shepparton. Vitukuu wao leo wanasoma pamoja na watoto wa Uvira na Bukavu.

Mama wa Mallee aliposikia majina ya wale watoto wa Kikongo mara ya kwanza, aliyaandika pembeni mwa daftari la mahudhurio kwa namna ya kutamka, akawaomba mama zao wamsahihishe. Jambo dogo. Wazazi wanalitaja hadi sasa, wakati ripoti nyingi za makazi ya wakimbizi wameshazisahau.

Sasa, turudi kwenye swali lenu. Shule za mashambani bado zinasaka walimu, na majimbo yanatoa nyongeza za mshahara na nyumba za nafuu kwa anayekubali kwenda mbali. Ukipata, jiandae. Huenda utafundisha madarasa matatu kwenye chumba kimoja. Mnunuzi anayesimama nyuma yako dukani atakuwa mzazi wa mwanafunzi wako, na anajua umenunua nini. Jumamosi mji mzima uko uwanja wa mpira, wanaume kwenye mpira wao wa Kiaustralia, wanawake kwenye netiboli. Usipoonekana, Jumatatu utaulizwa kama unaumwa. Watoto wataiga lafudhi yako wiki ya kwanza. Ya pili wataanza kukuletea mayai.

Lakini usajili hauna huruma. Kila jimbo lina chombo chake, na vyote vinadai angalau miaka 4 ya masomo ya chuo kikuu, ikiwemo elimu ya ualimu. Ukiomba viza kama mwalimu, tathmini ya sifa hutaka pia siku zisizopungua 45 za mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa. Aliyesomea Kenya, Uganda au Tanzania, hata kama amefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya vidudu, atafanya mtihani wa Kiingereza, na kwa IELTS atatakiwa kupata 7 katika kusoma na kuandika, 8 katika kusikiliza na kuzungumza. Hiyo 8 imewaangusha wengi wenye shahada nzuri, basi anzeni nayo kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Ombeni chuo kiandike kwa maandishi siku zenu za mazoezi ya kufundisha, maana barua hiyo hukawia kuliko viza.

Na wale wenye cheti cha daraja la A peke yake, tafadhali msiuze kiwanja kumlipa wakala anayeahidi darasa Australia. Cheti hicho peke yake hakisajiliwi katika jimbo lolote.