Figo ya Mtoaji Ipimwe, Isikadiriwe

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, si ajabu tena kusikia kwamba mtu amempa nduguye figo. Wengi huuliza habari za mgonjwa. Yafaa tuulize pia habari za yule mwingine, aliyeingia hospitalini akiwa mzima akatoka na figo moja. Ilijulikanaje kwamba hiyo moja itamtosha?

Kazi ya figo hupimwa kwa kiasi cha plazma zinachochuja kwa dakika. Kwa kijana mwenye afya kiasi hicho ni karibu mililita 120. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 wasema kwamba mwenye 90 au zaidi anakubalika, aliye chini ya 60 asitoe, na walio kati waamuliwe mmoja mmoja. Figo inayobaki huongeza kazi, lakini uwezo wa mtu hurudi kama theluthi mbili tu ya ule wa awali.

Kipimo kilichozoeleka ni kreatinini, taka itokayo katika misuli. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe. Tuseme mtu amekojoa mililita 1,440 kwa saa 24, yaani mililita 1 kwa dakika. Kila mililita ya mkojo ina miligramu 1 ya kreatinini, na kila mililita ya plazma ina miligramu 0.01. Tukigawanya, figo zimesafisha mililita 100 kwa dakika. Sasa tuseme mililita 360 alizikojoa njiani, hazikuingia chupani. Jibu ni 75, na figo ni zile zile! Akikosea kinyume, akatia chupani mkojo uliokaa kibofuni usiku kucha kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, figo dhaifu itaonekana hodari. Kosa hili la pili ndilo la kuogopwa.

Iko njia fupi zaidi: kupima damu peke yake, kisha kutumia kanuni ya hesabu pamoja na umri na jinsia. Lakini kreatinini hufuata misuli. Mtu mwembamba, au asiyekula nyama, huwa nayo kidogo hata figo zake zikiwa zimechoka. Tena kanuni iliyotungwa Marekani mwaka 2009 ilizidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, na kipengele hicho kiliondolewa katika kanuni mpya ya mwaka 2021. Watafiti waliolinganisha kanuni za kreatinini na vipimo halisi katika Uganda, Malawi na Afrika Kusini walitangaza mwaka 2022 kwamba zinakuza uwezo wa figo kuliko ulivyo.

Kwa maoni yangu, makadirio yatumike katika hatua ya kwanza tu. Kisha kila mtoaji apimwe kwa ioheksoli, dawa inayodungwa mshipani na kutolewa na figo kwa kuchujwa tu. Damu huchukuliwa mara kadhaa kwa muda wa saa chache, na kasi ya kupungua kwa dawa ndiyo hutoa jibu. Dawa yenyewe si ngeni, kwani hutumika katika picha za eksirei. Itasemwa kwamba mitambo ya kuipima ni ghali, na ni kweli. Hata hivyo haiharibiki upesi katika sampuli, hivyo maabara moja yaweza kuhudumia hospitali nyingi. Matokeo yakileta shaka, kila figo ichunguzwe peke yake, na iliyo bora abaki nayo mwenyewe.